Nikiomba Peke Yangu ni Kama Naongea na Ukuta

SWALI: Bwana Yesu asifiwe, mchungaji. Mimi ni muuguzi wa wodi ya wazazi hapa Mbeya, nina watoto wawili. Niliokoka nikiwa kidato cha pili. Kwa miaka mingi nimekuwa naamka saa kumi alfajiri na kuomba nusu saa: sifa, toba, shukrani, halafu mahitaji. Sasa ni zaidi ya mwaka narudia maneno yaleyale. Midomo inaomba, akili iko kwingine, na nachungulia simu kuona kama nusu saa imeisha. Nimefunga, nimekwenda mikesha, nimesikiliza mahubiri kwenye simu, nimeweka na programu ya kusoma Biblia. Moto unawaka wiki mbili, unazimika. Kanisani na wenzangu naomba vizuri, ila nikiwa peke yangu ni kama naongea na ukuta. Sina ugomvi na Mungu. Hata mdogo wangu alipofariki kwa ugonjwa wa figo Machi mwaka jana, tukiwa tumefunga siku 21 kwa ajili yake, nilimwachia Bwana. Je, kuna dhambi nisiyoijua? Nifanye nini maombi yangu ya binafsi yawe mapya tena?

JIBU: Amina, binti yangu. Bwana asifiwe.

Barua yako nimeisoma mara tatu. Umeandika mengi kuhusu saa, mpangilio, mifungo na mikesha, na mwishoni ukaweka sentensi moja ambayo naona uliiandika haraka ukaipita. Jibu langu limo humo. Ila kabla sijafika huko kuna mambo mawili lazima niyatoe njiani, maana nisipoyagusa yatakusumbua.

Dhambi kwanza. Ni kweli dhambi inaweza kuzuia maombi. Petro anawaonya waume waishi na wake zao kwa akili na kwa heshima, maombi yao yasije yakazuiliwa. Lakini Roho Mtakatifu akimgusa mtu juu ya dhambi humtajia jambo lenyewe: ile hela, yale maneno uliyomwambia wifi yako, ule uongo wa juzi. Hatia isiyo na jina, inayokuzunguka tu kama ukungu wa asubuhi, haitoki kwake. Kama kuna jambo unalijua, litubu leo na ulitengeneze na mhusika. Kama umeuliza kwa moyo mweupe na hakuna lililokujia, usianze kuchimbua dhambi za utotoni ili upate ya kuungama. Nimeona watu waaminifu wakijiumiza hivyo miaka na miaka.

La pili ni mwili wako. Wewe unafanya kazi ya zamu, na hujaniambia kama saa kumi yako inabaki saa kumi hata siku uliyorudi nyumbani usiku umeshakucha. Nadhani inabaki, maana barua yako ni ya mtu wa nidhamu. Eliya alipochoka mpaka akaomba afe, malaika hakumhubiria. Alimwamsha akampa mkate na maji, akamwacha alale tena, akamwamsha mara ya pili ale, kwa sababu safari ilikuwa kubwa kuliko yeye. Sauti ndogo ya utulivu ya Mungu, kule mlima Horebu, ilikuja baada ya usingizi na chakula, na siku arobaini za mwendo. Hakuna andiko linalokuamuru saa kumi. Bwana wetu aliomba alfajiri, ndiyo, na pia aliomba usiku kucha mlimani, na Danieli alikuwa na nyakati zake tatu kwa siku. Ukitoka zamu ya usiku, lala kwanza, uombe mchana. Na kama usingizi unakukimbia hata ukiwa umechoka, chakula hakipiti, na huoni faida ya kuishi, wewe ni muuguzi, unajua hilo linaitwa nini na linatibiwa wapi. Nenda. Kumwona daktari na kumwomba Mungu havigombani.

Sasa ile sentensi. “Nilimwachia Bwana.”

Umesema ukavu huu una zaidi ya mwaka. Mdogo wako alifariki Machi mwaka jana. Hukuyaunganisha hayo mawili, lakini mimi nikisoma kutoka nje nayaona yamekaa bega kwa bega. Sijui moyo wako, Mungu ndiye anayeujua, kwa hiyo nipime. Ninachokisikia ni hiki: mlifunga siku 21, mkaamini, mkasubiri, na mdogo wako akazikwa. Watu wakaja msibani wakasema kazi ya Mungu haina makosa. Ukaitikia amina, kwa sababu wewe ndiye uliyeokoka katika familia na wote walikuwa wanakutazama. Ukarudi kazini. Na tangu siku ile unaamka saa kumi kumshukuru na kumsifu Mungu ambaye hujawahi kumwambia neno hata moja kuhusu jambo zito kuliko yote lililokupata maishani.

Hebu sikiliza jinsi tunavyofungua maombi ya asubuhi, wewe na mimi na karibu kila Mkristo anayeomba kwa Kiswahili. “Baba, tunakushukuru kwa siku hii ya leo. Wengi walitamani kuiona lakini hawakuiona, si kwamba walitenda dhambi kuliko sisi.” Tumelisema mara elfu, linatoka lenyewe. Lakini kwako wewe, katika hao wengi yumo mtu mmoja ambaye ulimwogesha akiwa mtoto. Kila alfajiri unapita juu ya kaburi lake kwa sentensi iliyozoeleka, na huruhusiwi kusimama, kwa sababu baada ya shukrani zinafuata haja. Moyo unafanya nini hapo? Unaondoka. Unabaki mdomo. Ndiyo maana akili yako iko kwingine, binti yangu. Imekwenda kukaa mahali penye ukweli.

Mambo haya siyatoi kitabuni. Mwaka 1996 mke wangu alijifungua mtoto wetu wa pili, akaishi siku nne. Jumapili iliyofuata nilihubiri tumaini, na nilihubiri vizuri, watu wakafarijika. Nilipokuwa madhabahuni maombi yalitiririka. Nilipokuwa peke yangu nyumbani hapakuwa na kitu, na hali ile ilidumu karibu miezi minane. Siku moja mzee wa kanisa, mtu aliyeishia darasa la nne, alinikuta nakata majani makavu ya migomba nyuma ya nyumba. Hakunisalimu kwa maneno mengi. Aliniuliza, “Mchungaji, umemwambia Mungu habari za mtoto?” Nikamjibu kwamba nimemshukuru Mungu kwa yote. Akasema, “Sikukuuliza kama umemshukuru.” Akachukua panga la pili akanisaidia kukata mpaka jua likazama, wala hakurudia neno lile.

Usiku ule niliomba kwa Kinyakyusa. Sikupanga. Kiswahili changu cha maombi kilikuwa kimejaa maneno mazuri yaliyokwisha kutumiwa na watu wengi kabla yangu, na kila nilipofungua mdomo yalikuja hayo. Lugha ya mama yangu haikuwa na maneno ya kanisani. Ilikuwa na maneno ambayo mtoto humlilia mzazi wake. Nikamuuliza Mungu kwa nini. Nilimuuliza kwa sauti, na nilikuwa na hasira, na nililia kwa mara ya kwanza tangu mazishi. Sikujibiwa kwa nini. Lakini nilijua naongea na mtu, si na ukuta, na tangu hapo sijawahi kumshauri muumini aliyefiwa aanze na mbinu za maombi kabla sijamuuliza swali la yule mzee. Kama una lugha ya nyumbani, jaribu kuomba nayo ukiwa peke yako. Kwa walio wengi inavunja kitu ambacho mifungo haikukivunja.

Unaweza kuogopa kwamba kusema hivyo ni kunung’unika, au ni kukosa imani. Basi tazama Yohana 11. Lazaro amekufa, dada zake walikuwa wamemtumia Yesu habari mapema, na Yesu alikawia makusudi siku mbili. Alipofika, Martha alimwendea njiani akamwambia, “Bwana, kama ungalikuwapo hapa, ndugu yangu hangalikufa.” Baadaye Mariamu akaja, akaanguka miguuni pake, akasema maneno yaleyale, neno kwa neno. Bila shaka dada wale walikuwa wameyaambiana siku nne nzima. Yesu hakumkemea hata mmoja. Kwa Martha alizungumza juu ya ufufuo. Kwa Mariamu alilia. Wala Martha hakuwa mtu asiye na imani, kwani muda mfupi tu baada ya lawama ile alimkiri kuwa ndiye Kristo, Mwana wa Mungu. Lawama na ungamo vilitoka kinywa kimoja, siku moja, na vyote viwili vilisemwa kwake, si nyuma yake.

Na Zaburi. Karibu theluthi ya zaburi zote ni maombolezo. “Ee Bwana, hata lini utanisahau, hata milele?” Hayo ni maneno ya kitabu kitakatifu, Mungu mwenyewe ameyaweka mdomoni mwa watu wake. Nyingi huishia kwenye sifa, lakini ya 88 haishii huko. Inaanza na kilio, inaendelea na kilio, inamalizikia gizani, na hakuna mtu aliyeiongezea mstari wa furaha mwishoni ili isitutie aibu. Sisi makanisani ndio tunaoharakisha. Tunataka ushuhuda uwe umekamilika kabla mtu hajapewa kipaza sauti, na naogopa sisi wachungaji ndio tuliowafundisha kufanya hivyo hata chumbani, mlango ukiwa umefungwa.

Narudi kwenye “nilimwachia Bwana”, maana sitaki udhani naidharau. Ni neno jema likisemwa mahali pake. Ngoja nilieleze kwa kazi yako, kwa sababu mke wangu amelazwa wodini mara kadhaa na mimi nimekaa pembeni ya kitanda nikiangalia mnavyokabidhiana zamu. Muuguzi wa usiku hamwambii wa asubuhi, “Wagonjwa wote wapo, wanaendelea, tunashukuru.” Anampitisha kitanda kwa kitanda. Huyu wa kitanda cha nne aliingia saa tano usiku, ni mimba yake ya kwanza, njia imefunguka sentimita sita, presha ilipanda saa tisa, dripu nimebadilisha, mpime tena sasa hivi. Yule wa dirishani amejifungua salama lakini mtoto hajanyonya, na mume hapokei simu, mama anaogopa. Kila kimoja kinatajwa, hata kile ambacho muuguzi alikishindwa. Akimaliza, anavua sare, anakwenda nyumbani, na wale wagonjwa hawako tena mikononi mwake. Huko ndiko kuachia. Mtu anayeondoka bila kutoa ripoti hajaachia wodi, ameikimbia, na usingizi wake mchana hautakuwa wa amani.

Najua utaniambia Mungu anajua yote, kwa nini nimpe ripoti? Yesu alilisema hilo kabla yako: Baba yenu anajua mnayohitaji kabla hamjamwomba. Na papo hapo, katika pumzi ileile, akawafundisha kuomba mkate. Ujuzi wa Mungu haukuwekwa ili utufunge midomo. Umewekwa ili tusiwe na haja ya kumpamba wala kumficha.

Kwa hiyo kwa mwezi mmoja naomba uuweke pembeni ule mpangilio wako wa sifa, toba, shukrani na haja. Si mbaya, umekulea, na utaurudia. Ila sasa umekuwa kama njia unayoipita umelala. Badala yake ukae, siyo lazima upige magoti, na umpe Mungu ripoti ya siku yako kwa majina na mahali. Usiseme “nibariki kazini.” Sema yule msichana wa miaka kumi na saba aliyekushika mkono akakataa kuuachia. Sema daktari aliyekusemea vibaya mbele ya wanafunzi, na ulichotamani kumjibu. Sema ada ya mtoto. Kama kitu kimekufurahisha, hata ni chai ya tangawizi saa nane usiku mliyokunywa na mwenzako wodi ikiwa imetulia, mwambie nacho. Hapo shukrani inakuja yenyewe na inakuwa na ladha, kwa sababu ina kitu ndani yake. Na mdogo wako, mtaje kwa jina.

Hiyo ni nusu ya jambo. Nusu ya pili ni kwamba si wewe peke yako unayepaswa kuanzisha mazungumzo. Ukimwamsha mtu kila siku saa kumi na kuongea wewe tu nusu saa, mazungumzo yatachakaa hata kama mnapendana. Anza kwa kumsikiliza, kisha jibu.

Mwaka 1535, huko Wittenberg Ujerumani, kinyozi mmoja aitwaye Peter alimwomba Martin Luther amfundishe kuomba. Luther hakumtuma kwenye mlima wa maombi. Alimwandikia kwa urefu, na napenda sana alivyoanza: alikiri kwamba naye hupoa, kwamba kazi na mawazo humwondolea hamu ya kuomba, na hapo huchukua zaburi zake akakimbilia chumbani, au kanisani kama watu wamekusanyika, akaanza kuzisema polepole pamoja na Amri Kumi na Kanuni ya Imani, kama mtoto anavyofanya. Yaani mtu yule, akiwa mkavu, hakujilazimisha kutunga. Aliazima maneno. Halafu akamweleza Peter jinsi ya kuchukua amri moja, au ombi moja la Baba Yetu, na kuliuliza mambo manne: linanifundisha nini, nishukuru nini, niungame nini, niombe nini. Akamwonya pia asilichukulie hilo kama sheria. Katikati ya kuomba likija wazo zuri, aache mengine yote, anyamaze, asikilize, kwa sababu hapo anayehubiri ni Roho Mtakatifu mwenyewe. Na akamkumbusha kazi yake: kinyozi mzuri huweka jicho na akili kwenye wembe na ndevu, akianza kupiga soga atamkata mtu. Sindano ya dripu nayo haitaki mtu anayewaza mbali, wewe unalijua hilo.

Aliongeza kwamba maombi mazuri si lazima yawe marefu, afadhali yawe ya mara kwa mara na yenye moto. Hilo nakupa wewe hasa. Dakika kumi za kweli na Neno, na maombi mafupi mafupi ndani ya zamu, kama yale ya Nehemia aliyemwomba Mungu wa mbinguni akiwa amesimama mbele ya mfalme, kati ya swali na jibu. Unaponawa mikono kabla ya kumgusa mgonjwa, mtaje kwa Bwana. Sabuni na maji vina muda wa kutosha kwa ombi moja.

Kwa kusoma, usirudi kwenye ile programu inayokuhesabia siku. Imekugeuza mdaiwa. Wiki ya kwanza kaa na Zaburi 13 peke yake, ina mistari sita tu. Isome kwa sauti, simama panapokushika, na ujibu hapo hapo. Wiki ya pili chukua Yohana 11, kuanzia Yesu anapofika Bethania mpaka anapolia. Wiki ya tatu, kama uko tayari, Zaburi 88. Kama hujawa tayari, iache. Wiki ya nne Baba Yetu, ombi moja kwa siku, maana Luther aliyahesabu kuwa saba na juma lina siku saba. Sisi Wamoraviani tuna msaada mwingine tunaoupenda, neno la kila siku, ambalo limechapwa mwaka baada ya mwaka tangu 1731. Mstari wa Agano la Kale wa kila siku hupatikana kwa kura kule Herrnhut, Ujerumani, na faida yake naiona katika kutokuchagua: nisingechagua mimi, ningekwepa nusu yake. Ukipenda, uutumie baada ya mwezi huu.

Simu iache sebuleni. Nunua saa ya mezani ya kukuamsha na utumie Biblia ya karatasi. Sina la kuongeza hapo.

Kuhusu kurudia maneno yaleyale, usijilaumu kuliko Maandiko yanavyokulaumu. Yesu alikataza kupayuka-payuka, yaani kudhani kwamba wingi wa maneno ndio unaomfanya Mungu asikie. Lakini Gethsemane, usiku mgumu kuliko yote, Mathayo anasema aliomba “mara ya tatu, akisema maneno yale yale.” Mwana wa Mungu hakutafuta maneno mapya kwa ajili ya kikombe kilekile. Kama una ombi moja tu, ukaja nalo siku mia moja, na siku zote mia moja ni la kweli, hayo si maombi yaliyochakaa. Neno moja la kweli lina uhai kuliko ukurasa wa maneno mapya yasiyo yako.

Na kuchungulia saa. Teresa wa Avila, mtawa wa Hispania aliyezaliwa mwaka 1515, ambaye Kanisa Katoliki lilimtangaza kuwa Mwalimu wa Kanisa mwaka 1970, aliandika katika habari za maisha yake kwamba kwa miaka kadhaa, mara nyingi sana, alitamani saa aliyojipangia iishe kuliko alivyotamani kubaki, masikio yake yakiisubiri saa igonge. Nilipolisoma hilo nikiwa kijana niliweka kitabu chini nikashukuru. Mtu huyohuyo ndiye aliyefananisha maombi na kumwagilia bustani kwa njia nne. Kuna kuchota kisimani kwa mikono. Kuna gurudumu la kuvutia maji, unazungusha, unapata mengi kwa nguvu kidogo. Kuna maji ya mto au kijito yanayopita shambani. Na kuna mvua, ambapo Bwana mwenyewe ananyeshea na mkulima hafanyi kitu. Mimi naishi Tukuyu, ambako mvua ni nyingi mpaka tunaisahau kuwa ni zawadi. Nadhani ulipookoka ulinyeshewa, na tangu hapo umekuwa ukiona kisima kuwa ni adhabu. Maji ni yaleyale, na bustani ni ileile. Sasa hivi umeshika kamba na ndoo, mikono inauma, na miche inapata maji.

Uliandika pia kwamba ukiwa na wenzako maombi yanatoka. Usilione hilo kuwa unafiki. Wenzako wanakubeba, na kubebana ndiyo kazi ya kanisa. Yule mwenye kupooza wa Kapernaumu alifikishwa kwa Yesu na watu wanne. Ila chagua mmoja, mtu mzima kiimani asiye na haraka ya kukutia moyo, umwambie habari za mdogo wako kama ulivyomwambia Mungu. Mmoja anatosha. Wala usimwombe akukemee pepo wa ukavu. Mwombe akae nawe.

Mimi hapa nitakuwa nakutaja kila Alhamisi alfajiri. Niandikie tena mwezi ukiisha. Sitahitaji kujua kama moto umewaka, au umefikisha dakika ngapi. Niambie tu siku ile ulipomtaja mdogo wako kwa jina mbele za Bwana, ulisema nini, na kwa lugha gani.